Baridi Niliyomvika Mwanaidi

Jumapili, 3 Juni 2012

Daktari ameniambia ninunue daftari niandike kila siku kichwa kinaponiuma: kimeanza saa ngapi, nimekula nini, nimelala vipi. Nikamwambia nilifundisha darasa la nne Tanga miaka sita, kuandika hakunishindi. Akacheka. "Basi andika na mengine, mama. Kichwa hakiumi peke yake."

Haya. Leo kimeanza saa nne asubuhi, upande wa kushoto. Nimekunywa chai na mkate. Nimelala vizuri. Mume wangu Bakiri alikuwa sebuleni anaangalia simu kabla ya kwenda Fordsburg kufungua duka letu la mablanketi. Kwetu baridi ndiyo mavuno. Wenye spaza, vile viduka vya mitaani vya Soweto, wanachukua mablanketi kwa marobota. Sumaiya, binti yetu wa miaka saba, alikuwa jikoni na Mwanaidi. Walikuwa wanacheka, sijui wanachekea nini.

Mwanaidi nimemleta mimi mwenyewe. Ni mtoto wa Bi Zahara wa Ngamiani, mtaa mmoja na kwetu. Ana miaka ishirini na miwili na kidato cha nne kamaliza. Nilimwahidi mama yake kwamba atanisaidia kazi za nyumbani, nitamlipa, na jioni atasoma ushonaji. Amefika Februari. Ushonaji bado, kwa sababu kazi za nyumbani haziishi. Malipo nayo bado; anakula kwangu, analala kwangu. Pasipoti yake nimeiweka kabatini, isije ikapotea.

Jumamosi, 9 Juni

Mpaka saa sita mchana kichwa kilikuwa kimetulia. Ndipo Sumaiya akaja chumbani akasema, "Mama, naomba unifunge mtandio." Kwa Kiswahili! Mtoto huyu amezaliwa hapa Johannesburg. Miaka saba namsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza, na akinuna ananijibu Kizulu alichokiokota shuleni. Nilimkumbatia nusura nimvunje mbavu.

"Nani kakufundisha?"

"Dada Mwanaidi. Anasema Kiswahili ni siri yetu, shuleni hawajui."

Siri yetu. Yaani yao wawili.

Nilitakiwa nifurahi. Kichwa kikaanza pale pale.

Jumatatu, 11 Juni

Umande umeganda kwenye majani ya bustani. Kichwa kidogo.

Alhamisi, 14 Juni

Mwanaidi amepika wali wa nazi na samaki wa kupaka. Bakiri alikula kimya, akaongeza, akalamba vidole, kisha akasema, "Leo nimefika Tanga bila pasipoti."

Miaka kumi na moja nampikia mwanamume huyu, hajafika hata Chalinze.

Mwanaidi akajibu kutoka jikoni, "Shemeji, ukifika unisalimie mama!" Wakacheka wote, Sumaiya naye, Bakiri mpaka akafuta machozi.

Mimi sikucheka. Shemeji ni mtu wa utani, na utani wa mashemeji naujua unakoanzia na unakoishia. Alipomaliza kuosha vyombo nikamwita.

"Kuanzia leo mimi niite Mama. Na yeye mwite Baba."

"Lakini Dada Tabia—"

"Dada zako wako Ngamiani."

Akainamisha kichwa. "Ndiyo, Mama."

Jumapili, 17 Juni

Kila Jumapili Mwanaidi hukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma akafumua nywele zake, akazichana, akazisuka upya. Sumaiya humshikia kitana. Nywele zake ni nyingi, zinamfika mabegani. Zangu zilianza kunyonyoka nilipomzaa Sumaiya. Hata ndani ya nyumba nafunga kitambaa. Wiki iliyopita Bakiri alipita pale mlangoni akasema, "Huyu binti ana nywele kama za marehemu mama." Akaendelea na safari yake. Maneno yenyewe ndiyo hayo tu, lakini nimekaa nayo siku saba.

Leo mchana niliona unywele kwenye mchuzi. Niuandike kama ulivyokuwa: mfupi, mweusi, ungeweza kuwa wa mtu yeyote. Nikainuka mezani nikachukua mkasi wa kukatia mapazia.

"Kaa hapo nje."

Alipouona mkasi akashika kichwa. "Mama, nitafunga kitambaa nikipika. Nitafunga viwili."

"Kitambaa kinalegea. Kaa."

Akakaa kwenye kigoda. Nilianza upande wa kulia. Mkasi ni mkubwa, haukati vizuri kitu laini, ilibidi nivute. Hakulia. Alikuwa ameshika magoti yake, anaangalia ukuta wa jirani. Aliyelia ni Sumaiya. Nilimwambia aende ndani, akakataa; akachukua mfuko wa plastiki akaanza kuokota nywele chini, moja moja, kama mtu aokotaye mchele uliomwagika. Hapo ndipo Mwanaidi naye akalia.

Nilipomaliza, kichwa chake kilikuwa na mabaka kama shamba lililoliwa na mbuzi.

Bakiri alirudi jioni. Akamwangalia. Akaniangalia mimi. Akavuta kiti akala. Nilingoja aseme neno, hakusema. Nikajiona nimeshinda. Sijui nimemshinda nani.

Jumatatu, 18 Juni

Kichwa hakijauma kabisa.

Jumapili, 24 Juni

Shule zimefungwa. Baridi ya leo inaingia mpaka kwenye meno. Mwanaidi analala chumba cha uani, kile walichokijenga Wazungu wa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wao: dirisha dogo, sakafu ya saruji, mlango wa bati. Leo nilipoingia kukagua usafi nikakuta kitandani pake blanketi la kahawia, zito, la tabaka mbili, lenye picha ya chui. Ndilo la bei ya juu dukani. Kitandani kwangu lipo kama hilo hilo.

"Umelitoa wapi?"

"Baba kanipa jana. Kasema nisife kwa baridi." Alisema huku anaangalia chini. Hakuwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi. Nimeliona hilo na sikulijali.

Nimelichukua. Nimemwachia lile jembamba la kijivu na khanga zake. Na hita nimeitoa, nikasema inakula umeme.

Usiku Bakiri hakuuliza kitu. Mimi nikawaza: haulizi kwa sababu anaogopa nisijue anavyojali. Angeuliza, ningewaza hivyo hivyo.

Jumatano, 27 Juni

Baridi. Kichwa, tangu alfajiri.

Jumamosi, 30 Juni

Marthe wa nyumba ya pili amekuja kurudisha sufuria. Ni Mrundi wa Bujumbura, anasuka nywele Yeoville, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti kubwa. Mwanaidi alimfungulia geti na kitambaa kikateleza.

"Eish! Mama Sumaiya, huyu mutoto kichwa yake ilifanywa nini?"

"Alikuwa na chawa," nikasema.

Akamwinamisha Mwanaidi, akapitisha vidole kwenye yale mabaka, taratibu, kama anavyofanya kwa wateja wake. "Miye nimeshika vichwa miaka kumi na tano. Hapa hakuna chawa. Hapa kuna mukasi."

Nilimwambia kila mtu na nyumba yake. Akaweka sufuria chini.

"Nilipotoka Bujumbura nilikaa nyumba ya watu hapa mujini mwaka muzima. Walikuwa wananiita dada. Mushahara ilikuwa hiyo dada." Akatoka.

Nimemkataza Mwanaidi kusema naye. Halafu nikakumbuka kwamba mimi hata hilo la dada nimemnyima.

Alhamisi, 5 Julai

Namchunga Bakiri macho. Mwanaidi akiinama kuweka sinia, Bakiri anaangalia simu; lakini simu imezima. Mwanaidi akipita na ndoo, Bakiri anasogeza miguu mapema, kabla hajafika. Mwanaidi akiwa uani, Bakiri anakumbuka kitu garini. Na Mwanaidi naye siku hizi akimwona Bakiri anatembea karibu na ukuta, anakwenda haraka, ananyamaza. Zamani walikuwa wanataniana mbele yangu. Sasa hawasemezani kabisa. Watu wasio na jambo husemezana.

Nimelisema hili kwa sauti mbele ya kioo na nikajiona nina akili.

Alhamisi, 12 Julai

Asubuhi Mwanaidi alinifuata chumbani, akapiga magoti kabisa.

"Mama, naomba mambo mawili. Niongee na mama yangu kwa simu. Na nihamie ndani, nilale chini kwenye chumba cha Sumaiya. Sitaki kitanda, mkeka unatosha."

"Unataka kusogea karibu na nani?"

Akaniangalia kama hajaelewa. "Karibu na mtoto, Mama."

"Mtoto halali na mtumishi. Simu utapiga Idi, kila mtu anampigia mama yake Idi."

"Basi naomba komeo. Mlango wa kule haufungi kwa ndani."

"Unaficha nini?"

Midomo ilicheza kama anataka kusema, halafu akasema, "Sifichi kitu," akainuka. Nilimsikia anafagia ukumbi, ufagio unapiga ukuta.

Jumamosi, 21 Julai

Ramadhani imeanza. Ewe Mola nipe moyo mweupe.

Jumanne, 24 Julai

Swaumu ya nne. Upepo mkali. Kichwa.

Alhamisi, 26 Julai

Kichwa. Leo siandiki.

Jumapili, 29 Julai

Nimejaribu siku tatu kutoliandika. Nimefunga, nimeswali, nimesoma juzuu saba, na bado nalisikia. Acha niliandike liwe nje ya kichwa.

Alhamisi nilikwenda kliniki. Umeme ulikuwa umekatika, wakaturudisha. Kufika nyumbani ilikuwa kama saa tano asubuhi. Sumaiya yuko shule. Gari la Bakiri lilikuwa nje ya ukuta, saa ambayo huwa dukani. Sikugonga geti. Nina ufunguo wangu, nikalifungua kama mwizi.

Nikazunguka kwenda uani. Mwanaidi alikuwa ameanika mashuka, kamba zote mbili zimejaa, yananing'inia mazito kwa maji. Nikasimama nyuma ya mashuka. Kwenye upenyo wa mashuka mawili niliona mgongo wa Bakiri. Alikuwa mlangoni kwa Mwanaidi. Mguu wake mmoja ulikuwa ndani, umezuia mlango usifungwe, na bega lake linausukuma. Kwa ndani kulikuwa na kitanda kimeegemezwa, nilisikia chuma kinakwaruza saruji.

Na nilimsikia Mwanaidi. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya mtu aliyechoka kusema jambo lile lile: "Baba, nakuomba. Umefunga. Mwogope Mungu. Baba, mimi ni sawa na mwanao."

Bakiri akasema, "Nani aliyekwambia uniite baba?"

Mimi ndiye niliyemwambia.

Nilielewa yote kwa mara moja. Mkeka kwenye chumba cha mtoto. Komeo. Kutembea karibu na ukuta. Hakuna lililobaki la kueleweshwa. Na hili ndilo gumu kuliandika: niliposhaelewa, sikumwonea huruma. Niliona uchungu kwamba mume wangu amefunga swaumu na bado amekuja kule, na mimi nalala naye chumba kimoja hanigusi tangu Machi. Niliona wivu. Nilimwonea wivu mtu anayeegemeza kitanda mlangoni.

Nikarudi nyumanyuma mpaka getini. Nikalifungua tena na kulibamiza kwa nguvu, nikaita, "Hodi! Hakuna mtu?"

Bakiri akatokea upande wa jikoni, anajifuta mikono. "Nilikuja kuangalia bomba, wamesema maji yatakatwa."

"Sawa," nikasema.

Akaenda dukani. Nikaingia uani, nikausukuma ule mlango, kitanda kikasogea. Mwanaidi alikuwa amekaa sakafuni. Aliponiona alinyoosha mikono yote miwili kama mtoto anayetaka kubebwa.

Nikampiga kofi. Halafu jingine. Nikasema, "Umemfanya nini mume wangu?"

Jumatatu, 30 Julai

Nimenunua kufuli. Nikitoka nyumbani namfungia Mwanaidi kwa nje, nikirudi namfungulia. Ufunguo nauweka kifuani. Nimejiambia ni kumlinda: Bakiri hawezi kuingia. Ningetaka kumlinda, komeo la ndani lingetosha.

Alhamisi, 2 Agosti

Nimelala usingizi mzito, wa kwanza tangu Juni. Kichwa hakijauma. Mwanaidi anafanya kazi bila kuinua uso. Sumaiya kamuuliza kwa nini hasimulii tena hadithi, akajibu, "Zimelala." Marthe alipita ukutani akaita jina lake mara mbili. Hakuna aliyeitika.

Jumatano, 8 Agosti

Naandika ya jana.

Jana Johannesburg kulianguka theluji. Watu wazima wanasema hawajaiona kwa miaka mingi. Saa sita kasoro shule ikapiga simu nikamchukue Sumaiya mapema. Mwanaidi alikuwa anaanua nguo uani, kalowa mpaka magotini, theluji inamtua kwenye kile kichwa kilichoanza kuota. Alikuwa ameangalia juu, mdomo wazi. Kwa dakika moja alikuwa msichana tu anayeona theluji.

"Ingia chumbani kwako," nikamwambia.

"Mama, nibadili nguo kwanza, zangu kavu ziko jikoni kwenye kapu."

"Nikija nitakupa. Narudi sasa hivi."

Nikafunga kufuli.

Nilikuwa na nia ya kurudi sasa hivi. Lakini Sumaiya akalia anataka kumwonyesha baba yake theluji, na teksi ya mjini ikasimama mbele yetu. Roboti, taa za barabarani, zote zilikuwa zimezima, magari yanatambaa. Fordsburg watu walikuwa nje ya maduka, wazee wa kanzu wanarushiana theluji. Bakiri alitoka dukani, akaniona, akafinyanga bonge akanirushia likanipata begani. Akacheka. Nami nikamrushia. Tulicheka pale barabarani kama siku zile tulipokuwa wachumba, Sumaiya katikati yetu, na wanunuzi wanangojea mablanketi yao.

Nilikumbuka. Nisijidanganye humu. Saa nane nilikumbuka, saa tisa nilikumbuka. Ufunguo ulikuwa unanigusa kifuani, wa baridi, siwezi kusema nilisahau. Lakini Bakiri alisema, "Leo tufuturu hapa hapa, sisi watatu." Ilikuwa mara ya kwanza mwaka huu kusema sisi. Nikawaza: nikimtaja sasa, atakuwa amekaa nasi mezani. Nikanyamaza. Nikala sambusa, nikala haleem, ule uji mzito wa ngano na nyama, nikanywa chai ya maziwa.

Tulifika nyumbani saa moja jioni. Marthe alikuwa getini na tochi, ana theluji mabegani, kashika rungu.

"Ufunguo!" Hakunisalimia. "Toka saa kumi ninasikia anagonga. Sasa ni nusu saa hagongi. Nimeita polisi, barabara imefungwa. Ufunguo, Mama Sumaiya!"

Nikautoa kifuani, Marthe akaninyang'anya. Alipofungua, Mwanaidi alikuwa kwenye pembe, kajikunja, khanga zote kajizungushia juu ya zile nguo mbichi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutufuata. Hakutetemeka hata kidogo, na Marthe akasema kutotetemeka ndiko kubaya. Hakuwa amekula wala kunywa tangu daku.

Sumaiya alinipita chini ya mkono. Akavua koti lake, lile la waridi, akamwekea Mwanaidi miguuni kwa sababu halikumtosha kokote kwingine. "Dada, amka. Dada, nimeiona theluji. Amka nikusimulie."

Bakiri alisimama nyuma yangu. "Mpelekeni ndani," akasema.

Marthe akageuka. "Ndani ya nani?" Akambeba Mwanaidi mgongoni, kama abebavyo mtu gunia la makaa, akatoka naye getini. "Huyu harudi humu. Mukitaka kunizuia, nizuieni sasa."

Hakuna aliyemzuia.

Alhamisi, 9 Agosti

Sikukuu ya wanawake hapa. Redioni wanawapongeza akina mama.

Nimepika uji wa mtama, nikaenda kwa Marthe. Akaniacha mlangoni muda mrefu kabla hajaniruhusu. Mwanaidi amelala kwenye kochi, anakohoa. Jana Marthe alimpeleka hospitali. Miguu itapona, kifua kitachukua muda. Nikamwekea pasipoti yake juu ya blanketi. Akaichukua, akafungua ukurasa wa picha, akaangalia nywele zake za zamani, akaiweka chini ya mgongo akailalia.

Nikaanza kusema. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. "Mwanaidi, mimi sikujua kwamba Bakiri—"

"Ulijua."

Ilikuwa mara ya kwanza kunikata neno.

"Siku ile uani. Kitanda kilikuwa kinateleza, nikawa naangalia chini nione nitakanyaga wapi. Mlango ulikuwa wazi upande. Niliona viatu vyako chini ya mashuka. Nikasema, alhamdulillahi, mwenye nyumba kafika." Akakohoa mpaka Marthe akaja kumwinua. "Halafu viatu vikaondoka."

Uji ulipoa mikononi mwangu, Marthe akaupokea akaumwaga.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimemwambia Bakiri: nilikuwepo uani.

Nilidhani ataogopa. Alikaa, akavua kofia, akasema kwa upole, "Kama uliniona ukanyamaza, mimi ningejuaje kuwa nakosea? Kimya chako nilikichukua ni ruhusa." Halafu akasema, "Na kufuli, Tabia? Kufuli ni langu?"

Nimeoana na mtu mwovu, na hapo hakusema uongo.

Nimemtazama akila futari. Miezi miwili nilimwonea mtu mwingine wivu kwa ajili ya mikono hii, taya hili, kikohozi hiki cha baada ya chai. Nikajiuliza nilikuwa nagombania nini.

Jumanne, 14 Agosti

Mwanaidi amekwenda polisi, Marthe kampeleka. Leo alikuja afisa wa kike, mtu mzima, mpole, akakaa meza ya kulia na karatasi zake. Kabla hajafika Bakiri alinipanga: "Sema alijifungia mwenyewe. Sema ana kichaa, ndiyo maana alijinyoa. Fikiria Sumaiya. Wakituondoa nchini atakwenda wapi, hata Kiswahili chenyewe ndio anaanza?"

Nilifikiria Sumaiya. Tangu siku ya theluji hanisemeshi kwa lugha yoyote.

Afisa akaniuliza nani alifunga mlango.

"Mimi."

Bakiri akakohoa. Afisa akauliza tena, labda akidhani Kiingereza changu kimenipoteza.

"Mimi nilifunga. Nilijua yumo, nilijua kalowa. Nywele nilizikata mimi. Na mume wangu alikuwa anamsukumia mlango ili aingie, nikamwona, nikanyamaza."

Bakiri alisimama kwa nguvu kiti kikaanguka. Afisa hakuinua uso, aliendelea kuandika. Akanisomea, nikatia sahihi. Bakiri wameondoka naye. Jioni kaka yake Othmani alipiga simu kunitukana kwa nusu saa; nilimsikiliza mpaka mwisho. Mimi naitwa mahakamani Septemba.

Ijumaa, 17 Agosti

Othmani kamdhamini Bakiri. Hatakiwi kukanyaga hapa. Nyumba kubwa. Nimejipikia ndizi, sikuzila.

Siku ya Idi

Marthe kanitumia ujumbe mfupi: njoo, anakuita.

Nilikwenda na Sumaiya. Mwanaidi alikuwa amekaa, amevaa gauni la Marthe lililomzidi, kichwani kitambaa cha njano. Sumaiya akamrukia. Wivu ukanichoma pale pale, haukuona hata haya, siku ya Idi. Niliuacha unichome, nikakaa.

Mwanaidi hakuniita Mama wala Dada. Alininyooshea simu yangu niliyoiweka mezani.

"Nyumbani sirudi sasa. Dada Marthe ananifundisha kusuka, na kesi nataka niisikie kwa masikio yangu. Lakini mama yangu hajui kitu. Nikimwambia mimi, ataona nimeshindwa kazi, nimetunga. Mwambie wewe. Kwa kinywa chako, mimi nikisikia."

Nikapiga. Bi Zahara aliitikia kwa furaha, nyuma yake kuna watoto na vyombo. "Tabia! Idi mubarak, mwanangu! Kila swala nakuombea, umenibebea mzigo wangu. Hajambo mtoto?"

Nikamwambia asogee mahali penye utulivu. Nikasema yote. Nilianza na nywele, nikamaliza na theluji, na katikati nikamwambia habari ya mashuka na viatu. Sikuweka "lakini" mahali popote. Sauti yangu ilikuwa ngeni masikioni mwangu. Mwanaidi alikuwa ameshika mkono wa Sumaiya, anaangalia zulia.

Nilipomaliza, nikaita.

"Bi Zahara?"

"Nipo." Nilingoja laana. Nilikuwa nimejiandaa nayo, naweza kusema hata nilikuwa naitaka.

"Tabia, mimi nina maneno ya kukwambia mpaka kesho. Lakini mwanangu bado yuko mji uliko wewe, na mimi niko mbali. Siwezi kukulaani. Kwa hiyo nakuombea heri, wewe na mtoto wako. Sasa mpe simu mwanangu."

Nikampa. Nikatoka nje.